Mashine Mbili na Waya Mbaya: Historia Fupi ya HD DVD na Blu-ray

Wandugu, leo naanza na kosa langu, kiisha nieleze historia iliyonifundisha.

Mwaka 2012, kwa mshahara wangu wa kwanza wa uasista, nilinunua mashine ya Blu-ray iliyokwisha kutumiwa, hapa kwetu Lubumbashi. Usoni ilikuwa na maandishi «Dolby TrueHD». Nikaiunga na ampli ya baba kwa zile waya nyekundu na nyeupe. Sauti ikatoka sawasawa na ya DVD yetu ya zamani. Kesho yake nikarudi kwa muuzaji, nikamwita mwizi mbele ya watu. Akanijibu polepole: «Shefu, mashini haina makosa. Makosa iko mu waya.» Sikumsikiliza. Mimi nilikuwa na diploma, yeye hapana.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2006 kambi mbili zilishindana kurithi kiti cha DVD. Mwezi wa Aprili Toshiba ilitoa HD-A1 kule Marekani kwa dola 499. Juni, Samsung ikatoa BD-P1000 ya Blu-ray kwa dola 999, bei mara mbili. Lakini diski ya HD DVD yenye tabaka mbili ilibeba gigabaiti 30, ya Blu-ray 50.

Kwa upande wa sauti, HD DVD njo ilianza na sheria nzuri zaidi. Kila mashine yake ililazimishwa kufungua Dolby Digital Plus, pia TrueHD angalau kwa chaneli mbili. TrueHD ni sauti iliyobanwa bila kupoteza kitu: ukiifungua, unapata ile ile iliyotoka studio. Kwa Blu-ray, TrueHD na DTS-HD Master Audio zilikuwa za hiari. Za lazima zilikuwa Dolby Digital, DTS ya kawaida, na PCM isiyobanwa, ambayo filamu nyingi za kwanza za Sony zilibeba. Kwa hiyo mashine mbili za Blu-ray ziliweza kufanana usoni na kutofautiana tumboni. Hata PlayStation 3, iliyotoka Novemba 2006, ilianza kufungua DTS-HD Master Audio mwezi wa Aprili 2008 tu, kwa programu mpya.

Kulikuwa tena na shida ya njia. Waya nyekundu na nyeupe zinapitisha chaneli mbili, basi. Waya ya optiki inapitisha Dolby Digital na DTS ya kawaida, lakini TrueHD haipiti humo. Ukitaka chaneli zote, mashine ifungue sauti yenyewe na kuituma kwa HDMI ao kwa waya sita za analogi. Ao iitume ikiwa bado imefungwa, kwa ampli inayoelewa HDMI 1.3, toleo la mwaka 2006. Ampli ya baba haikuwa na hata tundu moja la HDMI.

Lakini masikio hayakuamua ile vita. PlayStation 3 iliingiza Blu-ray mu nyumba za watu waliotafuta michezo tu. Tarehe 4 Januari 2008, Warner Bros. ikatangaza kwamba itabaki na Blu-ray peke yake. Tarehe 19 Februari, Toshiba ikaacha HD DVD.

Niliposoma haya yote, nikaona muuzaji alinipa jibu sahihi kwa maneno machache. Nikarudi kumuomba msamaha, tena mbele ya watu, juu mbele ya watu njo nilimtukana. Akacheka, akanipa kiti, akauliza: «Sasa ile maandishi ya mbele inasemaka nini?» Tukaongea mpaka akafunga duka.

Wandugu, mukilinganisha mashine, musisome uso tu. Muigeuze, muangalie matundu ya nyuma, kiisha muulize ampli ya kwenu itapokea nini. Na yule anayeuza, mumusikilize kwanza.