Mwenye Bunduki Anaposimulia

Kuna aina ya vitabu ambayo imekuwa na wasomaji wengi sana Ulaya na Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Mwandishi huenda gerezani, huketi mbele ya mtu aliyeua watu wengi, humwuliza maswali, kisha huandika aliyoyasikia. Waandishi wawili wa Kimarekani, Michaud na Aynesworth, walifanya hivyo kuanzia mwaka 1980 na Ted Bundy, aliyekuwa akisubiri kuuawa kwa kiti cha umeme kwa kuua wanawake vijana. Bundy alikataa kusema "mimi nilifanya". Walipomwomba aeleze ni mtu wa namna gani awezaye kufanya mambo yale, alifunguka akasimulia saa nyingi, lakini daima kama anayemzungumzia mtu mwingine. Aliuawa na serikali ya Florida mwezi Januari 1989, na kanda zile bado zinasikilizwa.

Wenzangu wa Kigoma ninaowasimulia habari hizi huzichukulia kuwa mambo ya wazungu na majiji yao. Mimi sikubaliani nao. Kitabu cha namna hiyo tunacho sisi wenyewe, na ni cha zamani kuliko hivyo vyote. Tena hakikuandikwa kwa Kiingereza wala Kijerumani, bali kwa Kiswahili, na msimulizi wake alipita Ujiji akiwa na pembe mabegani mwa watu.

Msimulizi huyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja miaka ya 1830 na akafa huko huko mwezi Juni 1905. Alipokuwa mzee amestaafu, Heinrich Brode, Mjerumani aliyefanya kazi katika ofisi ya konseli wa nchi yake pale Unguja, alimshawishi aeleze maisha yake. Mzee akayaeleza kwa Kiswahili katika hati ya Kiarabu. Brode akaigeuza kuwa herufi za Kirumi, akaifasiri, na ikachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Wataalamu wa lugha huihesabu miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili, na hapana budi nikiri kuwa ni hodari. Sentensi zake ni fupi, hazina pambo, na hamwombi msomaji amhurumie.

Najua wapo watakaokasirika nikimweka mtu huyu katika kundi moja na Bundy. Watasema alikuwa mfanyabiashara, kwamba zilikuwa zama nyingine, kwamba aliopigana nao nao walikuwa na mishale. Hayo yana ukweli wake. Bundy aliua kwa siri dhidi ya sheria ya nchi yake. Tippu Tip aliua mchana, akapongezwa, na mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akamfanya liwali wa Stanley Falls. Lakini mtu aliyechomewa kijiji chake hapungukiwi na chochote kwa sababu mchomaji alikuwa na leseni. Ninalolitafuta mimi ni jambo jingine: tunapata nini, na tunakosa nini, pale ambapo mwenye bunduki ndiye anayesimulia?

Chukua vita vyake na Samu wa Itabwa, mwaka 1867. Itabwa iko kusini-magharibi mwa ziwa letu, kuelekea Ziwa Mweru, na Samu alikuwa mtawala aliyeogopwa na wafanyabiashara. Tippu Tip aliingia mjini mwake na watu wachache, akajeruhiwa kwa mishale, na bunduki zikafanya kazi iliyobaki. Halafu tunaletewa hesabu. Pembe zinatajwa kwa frasila, shaba kwa frasila, na frasila moja ni takriban kilo 16. Mtu anayekumbuka uzani wa mzigo baada ya miaka zaidi ya 30 si mtu mwenye kumbukumbu dhaifu. Hata jina lake alipenda kulieleza kuwa ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliokuwa wakikimbia, ingawa wengine walisema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Lakini ukitafuta humo habari za mateka, walikuwa wangapi, walikwenda wapi, nani alizikwa njiani, utachoka. Kitabu kimejaa pembe, na watu waliozibeba wanaonekana kwa nadra.

Livingstone alikutana naye mwezi Julai wa mwaka huo huo, akapewa msaada, na katika shajara yake hamsemi vibaya. Vita hivyo vilimchelewesha safari miezi kadhaa, na bado alimwona mwenyeji wake kuwa mtu mwungwana. Wengi waliokutana na Tippu Tip walisema hivyo. Sioni ajabu yoyote hapo. Waliomhoji Bundy nao walieleza jinsi alivyokuwa mchangamfu.

Sehemu inayonishughulisha zaidi ni ile ya Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera ng'ambo ya ziwa. Tippu Tip anasimulia kwamba alisikia kisa cha zamani: mtawala huyo alikuwa na dada wawili waliotekwa wakapelekwa mbali. Akalishika kila jina na kila jambo la kisa hicho, kisha akaenda Utetera akadai kuwa bibi yake alikuwa mmoja wa dada wale. Mzee Kasongo aliamini kwamba damu yake imerudi nyumbani. Akamwachia utawala, watu na pembe. Na haya yote tunayajua kwa sababu mwongo mwenyewe ametueleza, bila haya, kama fundi anayeonyesha jinsi alivyokiunga kiti.

Hebu msomaji apime jambo hili. Huyu ni msimulizi anayetuambia kwamba alijipatia nchi kwa kutunga kisa kizuri na kukisema kwa utulivu. Ndipo tunapofungua ukurasa unaofuata na kumwamini tena. Brode alimwamini kiasi cha kutoa kitabu kizima cha maisha yake kikitegemea maneno hayo hayo.

Hata hivyo siungi mkono wale wanaosema kitabu kama hicho kingefaa kutupwa. Muuaji ni shahidi mzuri sana wa mambo ambayo hayaonei aibu. Tippu Tip hakuona aibu kueleza madeni yake, kwa hiyo tunajifunza kwake jinsi biashara ilivyokwenda: Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, alimkopesha bidhaa, bidhaa hununua pembe, pembe zisipotosha, deni linabaki palepale, na mwenye deni hana la kufanya ila kusonga mbele zaidi, na bunduki zaidi. Wamisionari waliandika mengi juu ya ukatili wa bara, lakini mkopo ule wa Unguja uliosukuma misafara mpaka Ujiji na kuvuka hadi Mtowa tunauona vizuri zaidi kwa mtu aliyeuchukua.

Jean Hatzfeld, mwandishi wa Kifaransa, aliona jambo la namna hiyo Rwanda, jirani ya jirani zetu. Katika Nyamata, kusini mwa Kigali, Watutsi wapatao 50,000 kati ya 59,000 waliuawa katika wiki chache za Aprili na Mei 1994. Hatzfeld aliwahoji wanaume kumi, marafiki wa vilima vile, ndani ya gereza la Rilima, akatoa kitabu mwaka 2003. Walichosema kwa urahisi zaidi ni ratiba: saa ya kuamka, nani aliitisha mkutano, nani alikunoa panga, nyama gani ililiwa jioni. Waliiita kazi, kama kilimo. Majuto waliyatamka kwa shida, na mara nyingi yalikuwa ya kujisikitikia wenyewe.

Ila Hatzfeld alifanya jambo ambalo Brode hakulifanya. Alianza na waliookoka. Kitabu chake cha maneno yao kilitoka mwaka 2000, kwa hiyo alipoingia gerezani alikwisha kujua kinamasi kipi, asubuhi ipi, mama wa nani. Brode alikuwa na mzee mmoja tu mbele yake.

Walionusurika wa upande wetu wa ziwa nao walisema, lakini inabidi kuwatafuta. Mauaji ya sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, yaliyofanywa na watu wa mfanyabiashara Dugumbe, tunayajua kupitia Livingstone, ambaye aliyaona kwa macho yake kisha akarudi Ujiji amevunjika moyo, na Stanley akamkuta huko. Alikuwa ameishiwa na karatasi. Aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Wataalamu walipousoma tena wino ule uliofifia kwa mitambo ya picha, mwaka 2011, walikuta maandishi ya siku ile hayalingani kila mahali na yale aliyoyanakili baadaye kwa usafi, hasa palipohusu tabia ya watu wake mwenyewe. Hata shahidi mwema hufagia uani kwake kabla ya wageni.

Kwa ajili hiyo mimi humweka kando ya Tippu Tip mwanamke mmoja wa Kiluba, Bwanikwa, ambaye habari zake ziliandikwa na mmisionari Dugald Campbell mwaka 1916, na kuchambuliwa upya na mwanahistoria Marcia Wright. Naye anahesabu. Hahesabu frasila bali mabwana: alikwenda kwa mmoja, kwa wa pili, kwa wa tatu, hadi kumi. Wala aliyemtoa kwanza hakuwa Mwarabu. Alikuwa baba yake mzazi, akilipa deni la msiba. Hilo huwaudhi wanaopenda historia yenye upande mmoja mchafu, na huwaudhi vilevile wale wa Ujiji wanaotaka kusema kuwa utumwa ulikuwa malezi tu ya nyumbani. Bwanikwa alitoroka, akakamatwa, akatoroka tena. Mwishowe aliolewa na mtu aliyekuwa pia amemnunua, na ndoa hiyo hakuiona kuwa uhuru. Akachuma mali yake mwenyewe, akaitoa, akajikomboa.