Virusi: Kutoka Sumu Hadi Uchukuzi wa Tiba

Neno huzaliwa na maana moja, kisha elimu hulitwisha nyingine. Asili ya neno "virusi" ni Kilatini, na maana yake ilikuwa sumu. Mwaka 1898 mtaalamu wa Kiholanzi, Martinus Beijerinck, alilitumia kukitaja kiini cha ugonjwa wa majani ya tumbaku, kilichopenya katika vichujio vilivyozuia bakteria. Kwetu neno hilo limeshikamana na maradhi, na tangu kuenea kwa UKIMWI wengi walisikiapo hukumbuka kifo.

Hata hivyo, kirusi kina uwezo wa pekee: huingia ndani ya seli na kuikabidhi jeni zake. Wanasayansi waliutumia uwezo huo kwa kuondoa baadhi ya jeni zake na kupakia jeni za tiba. Mwezi Desemba 2024 yalitangazwa nchini Marekani matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 745 wa saratani ya tezi dume. Wote walitibiwa kwa mionzi. Baadhi yao walidungwa pia, katika tezi yenyewe, adenovirusi iliyobebeshwa jeni ya kirusi cha hepesi. Jeni hiyo huifanya seli itengeneze kimeng'enya kinachoigeuza dawa ya kumeza kuwa sumu ya kuziua seli za saratani zinapogawanyika. Hatari ya ugonjwa kurudi au mgonjwa kufa ilipungua kwa asilimia 30, ikilinganishwa na wasiopewa virusi hivyo.

Je, mfasiri wa hati ya ridhaa aandike nini? Akiandika "virusi" tu, atamtisha mgonjwa. Akiandika "dawa" tu, atamficha jambo. Kuficha kuna gharama. Mwaka 1999 Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alifariki huko Philadelphia baada ya kupewa adenovirusi katika jaribio la tiba ya jeni ya maradhi ya ini. Hati aliyoitia saini haikutaja nyani waliokufa baada ya kupewa tiba ya namna hiyo.

Kwa hiyo, yafaa tuseme "virusi vichukuzi". Nomino inabaki wazi, na kivumishi kinaeleza kazi. Hata hivyo, istilahi peke yake haitoshi: hati haina budi kueleza kwamba virusi hivyo vimebadilishwa, vimebeba nini, na vyaweza kuleta madhara gani. Mgonjwa hawezi kuridhia jambo asilolielewa.