Minyoo, viroboto na funza katika nyumba yenye mbwa au paka: mambo ya kujua na ya kufanya



Mwaka uliopita mama mmoja wa kanisa letu alinijia baada ya ibada. Alikuwa ameona vipande vyeupe kama punje za mchele kwenye manyoya ya mbwa wao, karibu na mkia, na vilikuwa vinatembea. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Aliwapa watoto vidonge vya minyoo mara tatu katika mwezi mmoja. Aliwanawisha mikono mpaka ngozi ikaanza kupasuka. Mume wake alikuwa anatafuta mtu wa kumuua mbwa, na mbwa huyo ndiye mlinzi wao wa usiku.

Nilimjibu haraka: «Mama, omba, usiogope.» Alirudi nyumbani na hofu yake kama alivyokuja nayo. Baadaye niliona haya. Kuomba ni vizuri, lakini mama yule aliuliza swali lenye jibu, nami sikulitafuta. Nilienda kwa muuguzi wa kituo cha afya, kisha kwa daktari wa mifugo. Haya ndiyo niliyojifunza kwao na katika masomo niliyofanya baadaye. Myasome katika vikundi vya wamama na vya vijana.

Minyoo mingi ya watoto wetu haitoki kwa mbwa

Ule mnyoo mrefu mweupe ambao mtoto hutoa chooni au hutapika unaitwa askarisi. Kwa kawaida hutoka kwa mtu na kurudi kwa mtu. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha binadamu, huingia udongoni, kisha hufika mdomoni kwa mikono michafu, mboga isiyooshwa au maji mabaya. Safura ya watu nayo hutoka katika kinyesi cha watu, na huingia kwa miguu isiyo na viatu.

Kwa hiyo mtu akimuua mbwa wake na kuacha choo bila kifuniko, minyoo itabaki nyumbani. Katika Kumbukumbu la Torati 23:12-13, Waisraeli waliagizwa kuwa na mahali nje ya kambi, na kila mmoja awe na kifaa cha kuchimbia ili afukie uchafu wake. Agizo lile lingali lina kazi kubwa katika mitaa yetu iliyosongamana.

Yale ambayo mnyama anaweza kuleta

*Toksokara.* Huu ni mnyoo wa mbwa na paka, hasa wale wadogo. Mtoto wa mbwa huupata akiwa bado tumboni mwa mama yake, na tena kwa maziwa. Mayai hutoka katika kinyesi, lakini kinyesi kipya hakiambukizi papo hapo: mayai huhitaji wiki mbili au zaidi udongoni kabla ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Baadaye yanaweza kuishi humo miaka. Mtoto anayekula udongo huyameza. Ndani ya mtu mnyoo haukui. Viluwiluwi vyake huzunguka mwilini, na mara chache hufika kwenye ini, mapafu au jicho. Watu wengi hawaoni dalili yoyote, lakini jicho likiguswa, mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

*Tegu la viroboto.* Ndizo zile punje za mchele alizoona mama yetu. Mtu halipati kwa kumgusa mbwa, hulipata kwa kumeza kiroboto chenye mbegu yake. Jambo hilo hutokea mara chache, zaidi kwa watoto wadogo, na linatibika kwa urahisi.

*Safura ya mbwa na paka.* Viluwiluwi huingia katika ngozi ya mtu anayetembea bila viatu au kukaa kwenye mchanga wenye kinyesi. Huacha mstari mwekundu uliopinda-pinda, unaowasha sana, na ambao husogea siku kwa siku. Inasumbua, lakini dawa ipo.

*Vifuko vya ini.* Mbwa anayekula matumbo, ini au mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe anaweza kupata tegu dogo sana linaloitwa ekinokokasi. Mayai yake yakimezwa na mtu, vifuko vya maji vinaweza kukua polepole katika ini au mapafu kwa miaka mingi. Siku za kuchinja, kwa arusi au Noeli, msimtupie mbwa vitu hivyo vikiwa vibichi. Vichemsheni vizuri, au vichomeni na kuvifukia.

*Toksoplasma.* Huyu ni mdudu asiyeonekana kwa macho, na hupitia kwa paka. Hatari yake kubwa ni kwa mama mwenye mimba anayeambukizwa kwa mara ya kwanza, kwa maana mtoto tumboni anaweza kuumia. Lakini paka hutoa mbegu zake kwa siku chache au wiki chache tu, mara nyingi mara moja katika maisha, na mbegu hizo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuambukiza. Watu wengi huzipata kwa nyama isiyoiva na mboga isiyooshwa. Si lazima kumfukuza paka. Mtu mwingine asafishe kinyesi chake kila siku, na mama avae glavu akilima bustani.

*Funza.* Alifika Afrika kutoka Amerika ya Kusini. Inasimuliwa kwamba meli ilimleta pwani ya Angola mwaka 1872, kisha akafuata njia za wasafiri mpaka kwetu. Mbwa, nguruwe na panya humbeba pia. Ukiwatibu watoto na kumwacha mbwa mwenye funza katika miguu, watarudi. Msitumie sindano moja kwa watoto wote, kwa maana inaweza kupitisha pepopunda na virusi vya ukimwi.

*Viroboto na tauni.* Ndugu wa Ituri wanaijua habari hii, maana jimbo lao ni mojawapo ya sehemu za dunia ambapo tauni bado inaonekana. Panya wakifa wengi ghafula, viroboto vyao hutafuta damu nyingine. Msiwaguse panya hao, mtoeni taarifa kwa kituo cha afya. Homa kali pamoja na uvimbe kwenye kinena au kwapa haingoji kesho. Tauni inatibika ikishikwa mapema.

Mambo ya kufanya nyumbani

- Okoteni kinyesi cha mbwa na paka kila siku kwa jembe au koleo, mkifukie mbali na kisima na bustani. Kwa kuwa mayai mengi huhitaji muda, usafi wa kila siku ni kinga kubwa kuliko dawa ya madukani ya kusafishia sakafu, ambayo haiyaui mayai ya toksokara. Maji yanayochemka huyaua.
- Naweni mikono kwa sabuni kabla ya kula, na baada ya kucheza na mnyama au kulima. Sabuni na maji vinatosha. Si lazima kusugua mpaka ngozi iumie.
- Osheni lengalenga na mboga nyingine kwa maji safi, nyama iive mpaka ndani.
- Watoto wavae viatu au kandambili. Kucha ziwe fupi.
- Mbwa asilale kitandani na watoto, wala asirambe uso wao au sahani.
- Fagieni pembe za nyumba na mahali anapolala mbwa, matandiko yake yaanikwe juani. Viroboto vingi vichanga hukaa sakafuni, si juu ya mbwa.

Kuhusu dawa

Mbwa wadogo hupewa dawa ya minyoo kuanzia wiki mbili, kila wiki mbili mpaka wiki nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Mbwa mkubwa apewe walau kila miezi mitatu. Dawa ya tegu si ile ya minyoo mingine, kwa hiyo mwelezeni daktari wa mifugo mliyoyaona.

Msimpake mnyama dawa ya shambani. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini inaweza kumuua paka.

Watoto wapewe dawa ya minyoo katika kampeni na kwa agizo la muuguzi. Kurudia vidonge kila wiki hakuongezi kinga, na dawa ya mnyama si ya mtu. Mama mwenye mimba aulize kwanza kwenye CPN.

Nendeni kituo cha afya mkiona

mtoto haoni vizuri kwa jicho moja au mboni yake imekuwa nyeupe; homa isiyoisha pamoja na kikohozi au tumbo kuuma; tumbo linalovimba; mstari unaotembea chini ya ngozi; mtoto aliyepauka na kuchoka. Tumbo la mtoto likivimba, msianze kutafuta jirani aliyeweka sumu. Pimeni kinyesi kwanza. Neno moja la kumshuku jirani linaweza kuharibu mtaa mzima.

Kichaa cha mbwa si mnyoo, lakini ndicho cha kuogopwa zaidi. Mtu akiumwa na mbwa, osheni kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, mwende siku ileile kutafuta chanjo. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Mbwa wenu achanjwe.

Neno kwa mwenye hofu

Yule mama alikutana na muuguzi. Watoto walipimwa, hawakuwa na kitu. Mbwa alipewa dawa ya tegu na ya viroboto, akajengewa banda nje. Mama aliniambia kwamba kilichomrudishia usingizi ni kujua kazi ya kufanya asubuhi na kazi ya kuacha. Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mwenye haki huangalia hata uhai wa mnyama wake. Kwa habari ya minyoo, anayemtunza mbwa wake anawatunza na watoto wake.

Bwana awabariki.