Macho ya Mtoto, Sehemu ya 3: Matone Yalivyopunguzwa Makali

Wengi mmeniuliza: "Nesi, mwanangu haoni mbali na kila mwaka miwani inaongezwa nguvu. Kuna cha kuzuia?" Kipo. Ila ijue kwanza historia yake, ili uchague kwa akili na si kwa hofu.

Mtoto asiyeona mbali, jicho lake linarefuka kupita kiasi. Miwani inamsaidia kuona, lakini ile ya kawaida haizuii jicho kurefuka. Likirefuka sana, ukubwani hatari inaongezeka: presha ya macho, hata retina kubanduka.

Zamani watoto walipewa miwani pungufu "ili macho yasizoee". Hata mimi nilipoanza kazi nilimwambia mama mmoja hivyo. Kumbe mwaka 2002 utafiti wa Malaysia ulishaonyesha kinyume: waliopewa pungufu ndio walioharibikiwa haraka zaidi. Mama yule, popote ulipo, nisamehe.

Sasa matone ya atropini. Dawa hii ilijulikana tangu karne ya 19. Mwaka 2006 madaktari wa Singapore walitoa majibu ya watoto 400 waliofuatiliwa miaka miwili: atropini ya asilimia 1 ilipunguza sana kasi ya tatizo. Shida ni kwamba mboni zinapanuka, jua linaumiza na kusoma kwa karibu ni taabu. Tena dawa ilipoachwa, macho yalirudi kuharibika kwa kasi.

Wakapunguza makali. Mwaka 2012 wakaripoti kwamba asilimia 0.01 ina usumbufu mdogo, na baadaye wakaona kwamba ukiiacha macho hayakimbii sana. Dunia ikaishangilia. Halafu mwaka 2019 Hong Kong wakalinganisha 0.05, 0.025 na 0.01: ya 0.05 ndiyo iliyofanya kazi vizuri zaidi, na watoto waliivumilia. Mwaka 2023 utafiti wa Marekani haukuona 0.01 ikishinda matone yasiyo na dawa. Umeona? Kali mno inatesa, hafifu mno huenda isisaidie.

Mwaka huohuo wa 2019 Marekani iliruhusu lenzi za kuvaa ndani ya jicho za kupunguza kasi hii, kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12. Zinataka mikono safi na mtoto msikivu.

Na Taiwan? Mwaka 2010 walihimiza shule kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku, na idadi ya wasioona vizuri, iliyokuwa ikipanda, ikaanza kushuka. Jua la nje halina bei. Hasa linasaidia tatizo lisianze.

Basi ukifika kliniki uliza: Matone ya nguvu gani? Tutayaachaje? Mtapima vipi kama yanasaidia? Na tafadhali, usinunue atropini ya asilimia 1 ukaichanganya na maji nyumbani. Hiyo ni sumu mkononi mwa mtoto.

Sehemu ya 4: siku ya kupima macho, umwandaeje mtoto.