Motokaa za Dizeli za Kale na Watu Wazitunzao

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, kingawa kidonda." Maneno hayo ni kweli kwa watu wengi, lakini si kwa wote. Katika Ujerumani, na katika nchi nyingine za Ulaya na Marekani, wako watu wasiovutwa na motokaa mpya. Hao hupenda motokaa za kale ziendazo kwa mafuta ya dizeli, zilizoundwa miaka 40 au 50 iliyopita, nao huzitunza kama mkulima atunzavyo ng'ombe wake wa maziwa. Mtu azitazamapo huuliza: Ya nini kusumbuka na chombo kizito, chenye kelele, kisicho na mbio? Ili tupate jibu, yatupasa kwanza tujue asili ya injini yenyewe, ambayo wasomaji wetu wengi wameusikia mlio wake katika malori na katika mashine za kusagia mahindi.

Jina la dizeli ni jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka wa 1858, na wazazi wake walikuwa Wajerumani. Vita vya mwaka wa 1870 kati ya Ufaransa na Wajerumani vilipoanza, jamaa hiyo iliondoka ikaenda London, na Rudolf, mtoto wa miaka 12, akapelekwa kwa ndugu zao katika mji wa Augsburg ili apate kusoma. Baadaye alijifunza mambo ya mitambo huko Munich. Hapo alisikia habari iliyomkaa moyoni, ya kwamba injini za mvuke za siku zile zilipoteza karibu sehemu tisa katika kumi za nguvu iliyomo katika makaa ya mawe. Tena aliona jambo jingine lililomhuzunisha. Injini za mvuke zilikuwa kubwa na za gharama, matajiri tu waliweza kuzinunua, na mafundi wadogo walishindwa na viwanda vikubwa. Basi akatamani kuunda injini isiyopoteza moto mwingi, ambayo fundi mdogo naye angeweza kuwa nayo.

Kanuni yake si ngumu kufahamika. Kila mtu aliyejaza upepo katika gurudumu la baiskeli ajua kwamba bomba hupata moto mkononi, maana hewa ikisongwa hupata joto. Diesel alitaka kuisonga hewa ndani ya silinda kwa nguvu nyingi mno, hata iwe na joto la kuweza kuwasha mafuta yakinyunyizwa humo, pasipo cheche ya umeme wala kiberiti. Mwaka wa 1893 injini ya kwanza ilijaribiwa Augsburg. Mafuta yalilipuka kwa nguvu, chombo cha kupimia kikavunjika, na watu waliokuwapo nusura waumie. Lakini Diesel alifurahi, kwa kuwa mafuta yaliwaka yenyewe kama alivyotazamia. Akaendelea kurekebisha na kujaribu, na mwaka wa 1897 injini yake ilipimwa ikaonekana kwamba yageuza zaidi ya robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Hapakuwa na injini nyingine ya kulingana nayo.

Jambo moja litawafurahisha wakulima. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka wa 1900, injini moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jambo hilo lijaribiwe, kwa sababu karanga hustawi sana katika Afrika.

Diesel mwenyewe hakuishi kuona tumaini lake likitimia. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, alipokuwa akisafiri katika meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza, alitoweka, na maiti yake ikaonekana baharini siku chache baadaye. Siku hizo injini yake ilikuwa ingali mali ya wakubwa: viwanda, mitambo ya umeme, na meli. Ilikuwa nzito mno, kwa maana mafuta yalipulizwa ndani kwa hewa iliyosongwa na mtambo mwingine. Ndipo mwaka wa 1927 kiwanda cha Robert Bosch kilipoanza kutoa kwa wingi pampu ndogo ya kusukumia mafuta moja kwa moja. Pampu hiyo ilifungua njia. Mwaka wa 1936, katika maonyesho ya Berlin, ilionekana Mercedes-Benz 260 D, motokaa ya abiria yenye nguvu za farasi 45. Haikuwa na mbio, lakini ilitumia mafuta machache, nayo ikapendwa na wenye teksi.

Baada ya vita kuu ya pili zilifuata nyingine, tangu 170 D ya mwaka wa 1949 hata zile zilizoundwa kati ya miaka ya 1976 na 1985, ambazo ndizo zitunzwazo kwa wingi leo. Wanunuzi wengi walikuwa wenye teksi na wakulima, watu wanaohesabu kila senti. Hivyo injini ya Diesel ilimfikia mtu mdogo, ingawa kwa njia ambayo mwenyewe hakuiwaza.

Watu husema kwamba motokaa hizo hazifi. Tusiamini hivyo upesi. Mfano ulio mashuhuri ni wa Gregorios Sachinidis, mwenye teksi wa Ugiriki. Motokaa yake, Mercedes-Benz 240 D ya mwaka wa 1976, ilikwenda kilometa 4,600,000, yaani kama kuizunguka dunia mara 115. Mwaka wa 2004 aliwapa watengenezaji wake, nayo ikawekwa katika makumbusho yao. Lakini katika safari hizo injini yake ilitolewa na kubadilishwa mara nyingi. Haikudumu kwa uimara wa chuma peke yake. Ilidumu kwa sababu mwenyewe hakuiacha.

Hiyo ndiyo siri ya mapenzi hayo. Mwenye motokaa ya namna hiyo humwaga mafuta machafu ya injini kabla hayajaharibu kitu, huondoa maji katika chujio, hupima nafasi za vali, na hupambana na kutu iletwayo na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Kazi nyingi aweza kuzifanya mwenyewe kwa spana na subira, maana viungo vyake huonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Akitunzacho mtu kwa mikono yake hukifahamu, na akifahamucho hakitupi ovyo.

Hata hivyo haifai tufiche upande wa pili. Moshi wa dizeli ni mbaya kwa mapafu, na mwaka wa 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba huleta saratani. Tangu mwaka wa 2008 miji mingi ya Ujerumani imezuia motokaa za moshi mwingi zisiingie katikati ya mji. Zile zilizotimiza miaka 30, zikiwa katika hali njema ya asili, zaweza kupewa namba ya pekee, nazo huruhusiwa kupita. Wengine hunung'unika wakisema, "Mbona hizo za zamani zaruhusiwa, na ya jirani yangu yazuiwa?" Neno lao lina uzito, kwa kuwa mtoto apitaye njiani huvuta moshi ule ule.

Sisi twaona kwamba ruhusa hiyo ni amana. Mwenye motokaa ya kale asipoitunza pampu yake, moshi wake huzidi, na jirani ndiye aulipaye uvivu wake kwa pumzi yake. Hata akiitunza vema, moshi haukomi kabisa. Basi na aitoe kwa nadra, wala asiiache ikinguruma bure mbele ya nyumba za watu. Kupenda chombo kilichodumu ni jambo jema. Lakini Diesel aliitaka injini yake imsaidie mtu mdogo, na mtu huyo hayuko ndani ya motokaa tu. Yuko kando ya barabara vilevile.