Mchango wa Mgonjwa na Mchango wa Mzima

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu katika Tanzania Bara yalihesabiwa kuwa haki ya raia wala si bidhaa ya sokoni, na itikadi hiyo ilishikwa kwa nguvu kiasi kwamba mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba ya watu binafsi yenye kutafuta faida. Zahanati zilienea vijijini, na mgonjwa aliyefika hakuulizwa habari za mfuko wake.

Katika miaka ya themanini hazina ya dola ilidhoofika, dawa zikaadimika, na mwaka 1993 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama. Waja wazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa; hata hivyo, naamini kwa dhati kwamba neno lile lilidhulumiwa, kwa kuwa mchango, kwa ada ya wazee wetu, hutolewa na walio wazima kwa ajili ya mwenzao aliyefikwa na jambo, iwe arusi au matanga, ilhali huu alitakiwa autoe mgonjwa mwenyewe, siku ile ile ya homa, akiwa amesimama dirishani.

Ndipo mwaka 1996, wilayani Igunga katika mkoa wa Tabora, ukajaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii: kaya ililipa mara moja kwa mwaka, ikapewa kadi, na kadi hiyo ikawatibisha wote wa nyumba ile. Mkulima wa pamba, ambaye fedha humjia kwa msimu, aliweza kutoa ada yake baada ya mauzo, kabla maradhi hayajabisha hodi. Lakini kadi inayokuta rafu za dawa tupu haina hadhi kwa mwenyewe, na wengi, huko na kwingineko mfuko ulikoenea, hawakuikata tena. Watumishi wa serikali walipata bima yao kwa sheria ya mwaka 1999, wakikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akiongeza 3. Asiye na mshahara akabaki na hiari yake.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Bima ya Afya kwa Wote, na mjadala mkali ukawa juu ya ada ya kaya isiyo na kipato cha kudumu. Kwa wasiojiweza sheria iliweka mfuko wao, unaolishwa pia na ushuru wa vitu kama vinywaji na vipodozi, hata mnunuzi wa soda Kariakoo akawa anamchangia mgonjwa wa Igunga asiyemjua kwa jina wala kwa sura.