Skuta na baiskeli za kukodi zinavyomgusa dereva wa Uber: Kisa cha San Francisco

Machi 2018, wakazi wa San Francisco nchini Marekani walianza kukuta skuta za umeme zimesimamishwa kila kona. Kampuni tatu, Bird, Lime na Spin, zilizimwaga mtaani bila kusubiri kibali cha jiji. Matumizi yake rahisi tu: unafungua programu kwenye simu, unaskani msimbo ulio kwenye usukani, unasimama juu yake na kuondoka. Ukifika unaiacha hapo hapo.

Watembea kwa miguu walilalamika kuhusu skuta zilizotupwa njiani, na jiji likaziondoa Juni mwaka huo. Oktoba zikarudi kwa vibali, safari hii za kampuni mbili tu, Scoot na Skip. Lakini kuna kundi jingine lililokuwa linaziangalia kwa jicho la wasiwasi, nalo ni madereva wa Uber na Lyft.

Safari gani inagombewa?

Ni safari fupi. Skuta nyingi wakati huo zilitoza dola 1 kuanza, kisha senti 15 kwa dakika. Dakika 10 ni dola 2 na nusu. Kwa mtu anayetoka kituo cha treni kwenda ofisini mitaa minane mbele, saa ya foleni, gari halifui dafu hapo. Ni ghali zaidi na pengine linachelewa.

Na safari za aina hiyo ni nyingi. Uber yenyewe, ilipokuwa inajiandaa kuuza hisa 2019, ilieleza kuwa karibu nusu ya safari zote za magari Marekani ni za chini ya maili 3, na kwamba hilo ndilo soko inalolilenga kwa baiskeli na skuta.

Uber ilijiingiza yenyewe

Hapa ndipo mambo yalipochanganya. Dereva alitegemea mshindani atoke nje, kumbe anatoka ndani ya programu ile ile anayofanyia kazi. Aprili 2018 Uber ilinunua JUMP, kampuni ya baiskeli za umeme zenye rangi nyekundu ambayo tayari ilikuwa na kibali cha baiskeli 250 San Francisco. Miezi michache baadaye Lyft nayo ikanunua Motivate, waendeshaji wa baiskeli za kukodi za jiji hilo.

Yaani abiria anafungua Uber kuita gari, anaonyeshwa baiskeli iko hatua chache kutoka alipo, kwa bei ya chini.

Uber ilifuatilia wateja wa mwanzo wa JUMP San Francisco. Matumizi yao ya programu kwa jumla yaliongezeka kwa takriban asilimia 15, lakini safari zao za gari zilipungua kwa asilimia 10. Siku za kazi mchana, gari lilipoteza zaidi, karibu asilimia 15. Kampuni ilishangilia namba ya kwanza. Dereva aliisoma ya pili.

Tuwe wakweli: hao ni wateja waliojaribu baiskeli mapema, si abiria wote wa jiji. Baiskeli 250 haziwezi kuondoa dereva barabarani. Ila zilionyesha upepo unaelekea wapi.

Hoja ya bosi

Agosti 2018 mkurugenzi mkuu wa Uber, Dara Khosrowshahi, aliliambia gazeti la Financial Times kuwa haina maana kutumia gari lenye uzito wa tani nzima kumpeleka mtu mmoja mitaa kumi saa ya msongamano. Alikiri kampuni ingepata kidogo kwenye baiskeli kwa muda mfupi. Kuhusu madereva, hoja yake ilikuwa kwamba watabaki na safari ndefu zenye hela nzuri, tena kwenye barabara zenye foleni ndogo.

Hoja hiyo si ya kubeza. Safari fupi ina adha zake: unamfuata abiria dakika saba, unambeba dakika tano, unaambulia malipo ya chini kabisa.

Tatizo ni kwamba dereva halipwi kwa safari moja moja tu. Bonasi nyingi zilihesabu idadi ya safari kwa wiki, na safari fupi ndizo zilizokuwa zinajaza hesabu haraka. Ukiziondoa, anabaki anasubiri ile ndefu, na kusubiri hakulipwi. Hata sheria ya California iliyopitishwa kwa kura Novemba 2020, Prop 22, inayoweka kiwango cha chini cha malipo, inahesabu muda tangu dereva anapokubali ombi hadi anapomshusha abiria. Muda wa kuzunguka gari likiwa tupu haumo.

Kwingine ilikuwaje?

Portland, jimbo la Oregon, ilijaribu skuta kwa siku 120 mwaka 2018. Zilifanya safari zaidi ya 700,000. Katika utafiti wa jiji, asilimia 34 ya wakazi waliotumia skuta walisema isingekuwepo wangetumia gari lao, teksi, Uber au Lyft. Kwa wageni ilikuwa asilimia 48. Mgeni wa hotelini ni abiria mzuri kwa dereva, kwa hiyo hiyo namba ya pili inauma.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam picha hii si ngeni sana. Uber ilileta uberPOA ya bajaji mwaka 2018, na mwenye gari akajikuta anagombania kichwa kimoja na bajaji ndani ya simu moja. Tofauti ni kwamba bajaji ina dereva, naye anapeleka hesabu jioni. Skuta ya San Francisco haina.

Kipi kiliumiza zaidi?

Madereva walipozima programu kugoma Mei 8, 2019, siku mbili kabla Uber haijaingia soko la hisa, kilio chao kikubwa kilikuwa malipo, si skuta. Kampuni ilikuwa imeandika wazi kwenye nyaraka zake za hisa kwamba inatarajia madereva kutoridhika zaidi kadiri inavyopunguza motisha zao.

Baiskeli zenyewe hazikudumu mikononi mwa Uber. Mei 2020, corona ikiwa imepamba moto, iliikabidhi JUMP kwa Lime, na maelfu ya baiskeli nyekundu zikapelekwa kusagwa kama vyuma chakavu. Lyft bado inaendesha zake San Francisco kwa jina la Bay Wheels.

Tangu Juni 2024, mtu yeyote jijini humo anaweza kuita gari la Waymo linalojiendesha lenyewe. Hilo linachukua safari fupi na ndefu pia.